Filippo Sensi: Jicho la mwandishi ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu wa Italia

Oktoba 2011 Liam Fox, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, alikuwa amebanwa kila kona. Gazeti la Guardian lilikuwa limemshikia bango kuhusu rafiki yake wa siku nyingi, Adam Werritty. Bwana huyu hakuwa mtumishi wa serikali, lakini alikuwa akigawa kadi zilizomtambulisha kama mshauri wa waziri. Swali lililoulizwa kila asubuhi lilikuwa hili: aliingia kwenye vikao gani, na kwa ruhusa ya nani?

Jibu mojawapo lilitoka Roma. Mwandishi wa habari za siasa aliyekuwa na blogu iitwayo Nomfup alikuwa amepekua video za ziara ya Rais Mahinda Rajapaksa wa Sri Lanka mjini London, Desemba 2010. Katika moja ya video hizo Fox yuko na mgeni wake katika hoteli ya Dorchester. Na chumbani humo, bila kujificha hata kidogo, yumo Werritty. Guardian waliichukua video hiyo wakaipa uzito wake. Oktoba 14 Fox alijiuzulu. Hesabu iliyotolewa na wizara yenyewe ilionyesha kuwa Werritty alikutana na waziri mara 22 wizarani na mara 18 katika safari za nje.

Si haki kusema kwamba video hiyo peke yake ndiyo iliyomwangusha waziri. Wanahabari wa London walikuwa wamefanya kazi kubwa kwa wiki kadhaa. Lakini video ile ilikuwa hadharani kwa karibu mwaka mzima, yeyote angeweza kuibonyeza, na aliyeona cha kuona alikuwa Mwitaliano aliyekuwa kilomita zaidi ya 1,400 kutoka London. Hakuwa na chanzo cha siri wala nyaraka zilizovuja. Alitazama pembeni mwa picha wakati wengine wanatazama katikati.

Jina lake ni Filippo Sensi. Miaka miwili na ushee baadaye alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, msemaji wa Waziri Mkuu wa Italia, Matteo Renzi, na baada ya Renzi akabaki palepale na Paolo Gentiloni. Nimechagua kisa chake kwa sababu hiyo ya pili. Waandishi wanaohamia serikalini ni wengi, Italia na kwingineko. Walio wachache ni wale waliokaa kwenye kiti kilekile, mfululizo, chini ya mabosi wawili wenye tabia zinazopingana, kiasi kwamba tunaweza kupima kazi ya msemaji ni ipi na tabia ya bosi ni ipi.

Shamba alilolimia

Sensi ni mtoto wa Roma, mzaliwa wa 1968. Alikuwa naibu mhariri wa Europa, gazeti dogo la siasa lililoanzishwa 2003 likiwa la chama cha Margherita, kisha likawa la mrengo wa Chama cha Demokrasia, PD, baada ya vyama kuungana. Gazeti la chama nchini Italia halikuwa karatasi ya matangazo tu. Lilisomwa na watu wachache, lakini wachache hao ndio wabunge, wahariri wa magazeti makubwa na makatibu wa vyama. Mwandishi wa gazeti la namna hiyo hajifunzi kuwapendeza wasomaji milioni. Anajifunza kujua nani amekasirika na nani, na kwa nini, kabla hasira haijatamkwa.

Aliwahi pia kufanya kazi ya habari kwa Francesco Rutelli, meya wa zamani wa Roma na kiongozi wa Margherita. Hapo kuna uzi unaofaa kufuatwa. Gentiloni naye alianzia kwenye uandishi, akahariri jarida la mazingira la La Nuova Ecologia, kisha akawa msemaji wa Rutelli huyohuyo alipoingia ofisi ya umeya 1993. Renzi alikulia kisiasa ndani ya Margherita. Kwa hiyo watu hawa watatu hawakukutana kwa bahati. Walitoka nyumba moja ya kisiasa, na Waziri Mkuu wa pili ambaye Sensi alimsemea alikuwa ameifanya kazi hiyo yeye mwenyewe miaka ishirini nyuma.

Kwa msomaji asiyeijua Roma, inafaa aone mahali penyewe. Palazzo Chigi, ofisi ya Waziri Mkuu, iko Piazza Colonna. Jirani yake, hatua chache tu kwa miguu, ni Montecitorio, jumba la Baraza la Wabunge. Ndani ya Montecitorio kuna ukumbi mrefu wanaouita Transatlantico, jina la meli kubwa za kuvuka bahari. Hapo wabunge na waandishi hutembea pamoja wakati kikao kinaendelea, mkono begani, sauti chini. Habari nyingi za siasa za Italia huzaliwa katika matembezi hayo. Zinachapwa kesho yake kama habari za nyuma ya pazia, zimejaa maneno ambayo Waziri Mkuu eti amewaambia watu wake wa karibu, bila jina la aliyesimulia. Aliyesimulia mara nyingi ni msemaji, au mtu aliyeongea na msemaji.

Ni aina ya uandishi nisiyoipenda hata kidogo. Inampa mwenye madaraka nafasi ya kusema jambo na kulikana siku hiyohiyo. Lakini huwezi kuelewa kazi ya mshauri wa mawasiliano mjini Roma bila kuijua, kwa sababu jioni, kabla magazeti hayajafungwa, simu ya msemaji ndiyo mlango ambao waandishi wote wanaugonga.

Kuna na historia nzito zaidi. Wakati wa ufashisti, serikali ya Mussolini ilikuwa na wizara iliyotuma maagizo ya kila siku kwa wahariri: habari ipi iwe juu, picha ipi isichapwe, neno gani lisitumike. Maagizo hayo yaliandikwa kwenye karatasi nyembamba iitwayo velina, na hadi leo mwandishi wa Italia akitaka kumtukana mwenzake kwamba anaandika anachoambiwa na serikali, neno ni hilo. Chuki hiyo imebaki kwenye damu ya taaluma. Ndiyo maana sheria za baada ya vita zimejaribu kuweka uzio. Sheria namba 69 ya 1963 ilianzisha Chama cha Waandishi, Ordine dei giornalisti, chenye daftari la wenye haki ya kufanya kazi hiyo. Sheria namba 150 ya 2000 ikatenganisha msemaji, ambaye ni mtu wa kiongozi, na ofisi ya habari, ambayo ni ya taasisi na lazima iwe na watu walioandikishwa katika daftari hilo. Wote wawili hawaruhusiwi kufanya uandishi wala uhusiano wa umma kwa muda wote wanaoshika nafasi hizo.

Sensi aliposhika kazi, basi, alikuwa anavuka uzio unaoonekana. Hakuwa wa kwanza. Antonio Ghirelli, mwandishi mkubwa wa michezo, alikuwa mkuu wa habari wa Rais Sandro Pertini na baadaye wa Waziri Mkuu Bettino Craxi. Paolo Bonaiuti aliacha unaibu mhariri wa Il Messaggero akawa sauti ya Silvio Berlusconi kwa miaka mingi.

Msemaji wa mtu asiyenyamaza

Renzi, meya wa Firenze, alishinda uongozi wa PD Desemba 8, 2013. Februari 22, 2014, akiwa na miaka 39, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, mdogo kuliko wote waliowahi kushika nafasi hiyo katika jamhuri. Aliingia kwa kumwondoa mwenzake wa chama, Enrico Letta, mwezi mmoja tu baada ya kumwambia kwenye televisheni atulie kwa maana hakuna anayekitaka kiti chake. Kauli ile haikusahaulika. Waitaliano wanaitumia mpaka leo wanapotaka kusema kwamba mtu anakuaga huku kisu kiko nyuma ya mgongo.

Sensi akawa msemaji wake, na hapa ndipo tatizo la kwanza la kisa hiki lilipo. Msemaji wa kawaida huajiriwa kwa sababu bosi hawezi, hataki au hapaswi kusema kila wakati. Renzi aliweza, alitaka, na hakuona kwa nini asiseme. Alitwiti mwenyewe alfajiri. Alikaa mbele ya kamera akajibu maswali ya wananchi moja kwa moja mtandaoni, waandishi wakiwa watazamaji kama wengine. Machi 12, 2014, alipotangaza mpango wa kuwapunguzia kodi wafanyakazi wa kipato cha chini na cha kati, euro 80 kwa mwezi, alisimama na slaidi za rangi kama muuzaji anayenadi bidhaa, na waandishi wa zamani waliokuwa ukumbini hawakujua waandike nini: tamko la serikali au onyesho.

Ilifanya kazi. Mei 25, 2014, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, PD ilipata asilimia 40.8 ya kura. Hakuna chama cha mrengo wa kushoto nchini humo kilichokuwa kimewahi kufika hapo.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza usingeweza kumtofautisha Sensi na wimbi lililombeba. Ukitaka kuona kazi ya mshauri wa mawasiliano, usiangalie siku za ushindi. Angalia siku ambayo picha imekwenda kombo. Tunayo mifano, na mmoja ulitokea kwetu.

Julai 2015 Renzi alitoka Addis Ababa, kulikokuwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu fedha za maendeleo, akaja Nairobi kukutana na Rais Uhuru Kenyatta. Ilikuwa miezi mitatu na siku chache tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, na siku chache kabla ya ziara ya Barack Obama. Picha zikatoka: Waziri Mkuu wa Italia pembeni ya mwenyeji wake, na ndani ya suti inaonekana fulana ya kuzuia risasi. Wakenya wa Twitter hawakumwacha. Walimcheka siku nzima, na magazeti ya Italia yakabeba kicheko hicho hadi Roma.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi walilichukua kama jambo la utani na kulipita. Mavazi ya kinga huamuliwa na walinzi, si na msemaji, na hakuna mtu mwenye akili anayemlaumu kiongozi kwa kufuata amri ya walinzi wake. Lakini fikiria Kenya ilikuwa wapi mwezi ule. Pwani ilikuwa imekauka watalii kutokana na tahadhari za safari zilizotolewa na nchi za Ulaya. Malindi, mji ambao Waitaliano wamejenga nyumba, wamefungua hoteli na kuishi kwa miongo mingi, ulikuwa na watu waliopoteza kazi: wapishi, madereva, wauza vinyago, kina mama wa kusuka. Serikali ya Kenya ilikuwa inahitaji sura moja tu kutoka kwa mgeni huyu, sura ya mtu anayesimama Nairobi bila woga. Renzi alisema maneno mazuri kuhusu urafiki na vita dhidi ya ugaidi. Fulana ilisema kinyume chake, na fulana ndiyo iliyosikika.

Na huyo ndiye kiongozi aliyesafiri na ofisi ya mtu aliyejipatia jina kwa kuona kilicho pembeni mwa picha! Hili ndilo jambo linalonifanya nikiheshimu kisa hiki kuliko simulizi za ushindi. Jicho la mwandishi halipotei akihamia serikalini. Kinachobadilika ni kwamba kuona hakutoshi tena. Blogu ilimpa uhuru wa kuona na kuchapa dakika ileile. Ofisini, kati ya kuona na kuzuia kuna mkuu wa ulinzi, mkuu wa itifaki, balozi, na bosi mwenyewe ambaye ana haraka. Mshauri anaweza kuwa sahihi na picha ikatoka vilevile.

Itifaki ilionyesha nguvu zake tena Januari 2016. Rais Hassan Rouhani wa Iran alipokelewa katika Makumbusho ya Capitolini, na sanamu za kale za watu walio uchi zilizokuwa njiani kwake zikazibwa kwa mbao nyeupe. Italia nzima iliwaka. Nchi inayojivunia sanamu hizo mbele ya dunia ilionekana kuzionea aibu mbele ya mgeni mmoja aliyekuja na mikataba ya biashara. Waziri wa utamaduni, Dario Franceschini, alisema si yeye wala Waziri Mkuu aliyekuwa amearifiwa. Huenda msomaji akaona kujitetea huko ni kwepesi, lakini ndani ya ofisi kubwa hali hiyo ni ya kawaida: anayepanga njia ya mgeni si yule anayefikiria picha ya gazeti la kesho. Ofisi ya mawasiliano isiyokaa kwenye kikao cha kupanga njia hubaki na kazi ya kuzima moto.

Palipopangwa vizuri, matokeo yalionekana. Agosti 22, 2016, Renzi aliwapeleka Angela Merkel na François Hollande kisiwani Ventotene, mahali ambapo mafashisti walimfunga Altiero Spinelli na ambapo, akiwa kifungoni, alishiriki kuandika ilani ya Ulaya iliyoungana. Waliweka maua kwenye kaburi lake, kisha wakazungumza na waandishi wakiwa juu ya manowari ya Garibaldi. Uingereza ilikuwa imepiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya miezi miwili tu nyuma. Mahali, marehemu na bahari vilifanya kazi ambayo hotuba ndefu isingeifanya. Siku mbili baadaye, alfajiri, tetemeko la ardhi likapiga Amatrice na vijiji vya jirani, watu karibu 300 wakafa, na picha ya Ventotene ikafutika kwenye kurasa zote. Ndivyo kazi hiyo ilivyo.

Kura ambayo hakuna msemaji angeiokoa

Renzi alikuwa na mpango wa kubadilisha katiba: Seneti ipunguzwe kutoka maseneta 315 wa kuchaguliwa hadi 100, na ipoteze nguvu ya kuangusha serikali. Jambo lenyewe lilikuwa la kiufundi, na lilikuwa na watetezi na wapinzani wenye hoja za maana. Lakini tangu mapema 2016 Renzi alirudia kusema kwamba akishindwa ataondoka. Kuanzia siku ile kura haikuwa tena ya Seneti. Ikawa kura ya kumpenda au kumchukia Renzi, na kila aliyekuwa na kinyongo naye, kulia, kushoto na ndani ya chama chake, akapata sababu ya kwenda kituoni.

Baadaye alijaribu kurudi nyuma na kuzungumzia hoja yenyewe. Akaajiriwa Jim Messina, Mmarekani aliyeongoza kampeni ya Obama ya 2012. Desemba 4, 2016, Hapana ilipata asilimia 59.1, Ndiyo 40.9, na waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 65, idadi kubwa kwa kura ya aina hiyo nchini humo. Usiku wa manane uleule Renzi alisimama mbele ya waandishi akasema yeye ndiye aliyeshindwa, na kwamba anajiuzulu. Kwa maoni yangu, hotuba hiyo ya kuondoka ilikuwa miongoni mwa nzuri alizowahi kutoa: fupi, bila lawama kwa mtu.

Wachambuzi wengi wa Italia wameandika kwamba mawasiliano ya Renzi yalishindwa. Mimi naona hilo si sahihi, na ndipo ninapotofautiana nao. Mawasiliano yalifanya kazi barabara, yalipeleka ujumbe kwa kila mpiga kura. Ujumbe ndio uliokuwa na kosa, na ulitoka kinywani mwa bosi. Mshauri anaweza kupanga mahali pa kusimama, saa ya kusema na swali la kujibiwa kwanza. Hawezi kulirudisha neno ambalo Waziri Mkuu amelitamka mbele ya taifa na analirudia kwa sababu analiamini. Anayemtazama Sensi na kuuliza kwa nini hakumwokoa Renzi anampa msemaji mamlaka ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kiti kilekile, bosi mwingine

Desemba 12, 2016, Gentiloni aliapishwa. Baraza lake la mawaziri lilikuwa karibu lilelile la Renzi, kiasi kwamba wapinzani walimwita nakala. Msemaji naye akabaki.

Hapo ndipo jaribio letu linapokamilika. Gentiloni alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kaulimbiu, anayeongea polepole na kutabasamu kwa shida mbele ya kamera. Mshauri asiye na ukomavu angejaribu kumpasha moto: amtwitishe alfajiri, amwekee slaidi, amfanye Renzi wa pili. Halikutokea. Ofisi ileile iliyokuwa ikitoa kelele ikaanza kutoa utulivu. Taarifa zikapungua, mikutano na waandishi ikawa ya kawaida, Waziri Mkuu akawa anaonekana akiwa na jambo la kusema. Januari 2017, wiki chache baada ya kuapishwa, Gentiloni alirudi kutoka Paris akajisikia vibaya na kufanyiwa matibabu ya haraka ya mshipa wa moyo katika hospitali ya Gemelli. Afya ya kiongozi ni eneo ambalo serikali nyingi huficha, hukanusha, kisha huumbuka. Safari hii habari ilitoka upesi, ikajulikana amelazwa wapi na kwa nini, na uvumi ukakosa chakula.

Katika kura za maoni Gentiloni akawa miongoni mwa wanasiasa waliopendwa zaidi nchini, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri. Lakini Machi 4, 2018, chama chake kilipata chini ya asilimia 19, chini ya nusu ya zile 40.8 za miaka minne nyuma. Kiongozi anayependwa na chama kinachokimbiwa, kwa wakati mmoja. Ninachokiona ni kwamba msemaji hodari anaweza kumfanya mtu aonekane jinsi alivyo, na ikiwa alivyo ni mtu wa heshima, watu watamheshimu. Hasira juu ya ajira, mishahara na uhamiaji haimo katika uwezo wake.

Ukilinganisha vipindi hivyo viwili, kelele ilikuwa ya Renzi na utulivu ulikuwa wa Gentiloni. Ya Sensi ilikuwa nini? Ilikuwa kipimo. Alijua kila bosi anabeba uzito gani wa maneno, na hakumvika mmoja nguo ya mwenzake.

Mlango wa kutokea

Uchaguzi huohuo wa Machi 2018 ulimwingiza Sensi bungeni kama mbunge wa PD. Renzi alipojitenga Septemba 2019 na kuanzisha chama chake, Italia Viva, msemaji wake wa zamani hakumfuata. Alibaki PD, na Septemba 2022 akachaguliwa seneta. Aliyekuwa amezungumza kwa midomo ya wengine akaanza kutumia wake, na alichokizungumza hakikutarajiwa na waliomjua kama fundi wa nyuma ya pazia. Alisimama bungeni akaeleza uzito wa mwili wake, kejeli alizobeba, na aibu ambayo watu wanene hutwishwa tangu utotoni. Akapigania msaada wa serikali kwa wanaohitaji mtaalamu wa saikolojia baada ya miaka ya korona. Pendekezo lilikuwa limekwama kwenye bajeti mwishoni mwa 2021, watu wakapiga kelele kwa saini za mtandaoni, na Februari 2022 likapita: euro milioni 10, kila mtu apate hadi 600 kulingana na kipato. Waombaji walikaribia 400,000. Fedha ziliongezwa, bado hazikutosha hata kwa robo yao. Uhitaji huo ulikuwa hapo siku zote, na ilihitajika mtu wa kuuona kabla haujawa takwimu.

Wengine walitoka kwa milango tofauti. Rocco Casalino, msemaji wa Waziri Mkuu Giuseppe Conte kuanzia 2018, alijikuta kwenye kurasa za mbele Septemba mwaka huo baada ya ujumbe wake wa sauti kwa waandishi kuvuja, akitishia kisasi kikubwa kwa maofisa wa wizara ya uchumi iwapo fedha za mpango wa chama chake zisingepatikana. Alijitetea kwamba yalikuwa maongezi ya faragha. Mario Sechi, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la habari la AGI, aliingia Palazzo Chigi mapema 2023 kuongoza ofisi ya habari ya Waziri Mkuu Giorgia Meloni. Machi 9 ilimkuta Cutro, Calabria, ambako meli ya wahamiaji ilikuwa imevunjika siku kumi na moja kabla na watu zaidi ya 90 kufa, watoto wengi wakiwemo. Mkutano na waandishi siku hiyo ulikuwa wa mvutano mkali kuhusu maswali. Kabla mwaka haujaisha Sechi alikuwa ameshaondoka, akawa mhariri mkuu wa Libero, gazeti ambalo mmiliki wake ni mbunge wa muungano unaotawala.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Na hilo ndilo linalonisumbua. Sheria namba 150 inamzuia msemaji na mkuu wa ofisi ya habari kufanya uandishi wanapokuwa kazini, lakini haisemi neno kuhusu siku inayofuata. Leo unaandaa majibu ya Waziri Mkuu, kesho unapanga ukurasa wa kwanza unaomhukumu. Sensi aliingia kwenye siasa waziwazi, akaomba kura, na kila anayemsikiliza sasa anajua yuko upande gani. Huo ni mlango safi. Anayetaka kurudi chumba cha habari naye ana haki yake, ila wasomaji wana haki ya kupewa muda kati ya kiti kimoja na kingine, mwaka mmoja au zaidi, uandikwe kwenye sheria ileile ya 2000 ambayo tayari inawatambua watu hawa na kazi zao.